Mgonjwa wa kisukari anapougua tumbo: Hatari ya kuacha sindano

Simu iliingia saa mbili usiku kutoka Nairobi. Aliyepiga alikuwa mwanamume mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, katika kaunti ya Homa Bay, ambaye mamake anaishi karibu na Sena na amekuwa mgonjwa wa kisukari kwa zaidi ya miaka kumi.

"Daktari, mama anaumwa na tumbo tangu juzi. Anatapika, hata uji haukai. Walimnunulia dawa ya amiba na ya taifodi dukani, lakini hali ni ile ile."

Nilimuuliza swali moja tu: je, bado anadungwa insulini? Akasita kidogo.

"La, aliiacha siku ile alipoanza kutapika. Si hajala kitu?"

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na wanaolitoa si wajinga hata kidogo. Tangu siku ya kwanza kliniki waliambiwa kwamba insulini hudungwa kabla ya chakula, na kwamba anayejidunga kisha asile anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuzirai. Sasa chakula kimekataa kupita. Kwa nini basi adungwe? Ukitazama kwa haraka utaona wana haki. Lakini mwili wa mgonjwa haufanyi hesabu hiyo, na nimewaona watu wakiletwa hospitalini wakiwa mahututi kwa sababu ya siku mbili au tatu za kuacha sindano kwa nia njema.

Ndugu msomaji, huenda wewe mwenyewe huna kisukari. Hata hivyo wengi wenu mnaosoma gazeti hili mjini mna mama, baba au shangazi huko nyumbani aliye na ugonjwa huu, na akiugua ninyi ndio mnaopigiwa simu kwanza. Uamuzi wa kumpandisha boti usiku au kungoja kupambazuke mara nyingi hautolewi Mfangano. Hutolewa Umoja, Kondele au Likoni, na mtu asiyemwona mgonjwa. Ndiyo maana nataka tuelewane kuhusu jambo hili.

Sukari hupanda hata bila chakula

Watu wengi hudhani sukari iliyo kwenye damu hutoka mdomoni tu. Sivyo. Ini ni ghala. Huhifadhi sukari na pia huitengeneza, na usiku tunapolala bila kula ndilo linalolisha ubongo na viungo vingine. Mtu mwenye afya anapofunga saumu haanguki kwa sababu ini linafanya kazi yake.

Sasa mtu anapougua, hasa akiwa na maumivu makali, homa au kutapika, mwili huona kwamba kuna vita. Humwaga homoni za dharura kwenye damu, na homoni hizo huliamuru ini lifungue ghala. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana anaweza kupimwa akakutwa na sukari ya juu kuliko siku aliyokula ugali na samaki akashiba. Kinachozuia ini lisivuke mpaka ni insulini, kama breki inavyozuia gari mteremkoni. Ukiondoa insulini siku ya ugonjwa umeondoa breki wakati gari limeshika kasi.

Yako mabaya zaidi. Bila insulini chembechembe za mwili haziwezi kuitumia sukari hiyo ijapokuwa imejaa tele. Zinakaa na njaa katikati ya neema. Mwili huanza kuyeyusha mafuta yake ili upate nguvu, na mafuta yanapoyeyuka kwa wingi hutoa vitu viitwavyo ketoni, ambavyo huifanya damu iwe na asidi. Wakati huo huo sukari iliyozidi hutoka kwa mkojo na kuvuta maji pamoja na chumvi. Mgonjwa hukojoa sana, hukauka, na ulimi huwa kama kitambaa kikavu. Hupumua kwa kina na kwa haraka, kama aliyetoka kupanda kilima, ingawa amelala kitandani. Pumzi yake huweza kunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kama ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Na hapa ndipo penye mtego: asidi hiyo ya ketoni yenyewe huleta kutapika na maumivu makali ya tumbo. Nimewahi kuona tumbo la mgonjwa wa namna hii likiwa gumu hivi kwamba mtu angedhani anahitaji kupasuliwa. Kwa hiyo mgonjwa ambaye labda alianza na kuhara kwa kawaida tu huacha insulini, ketoni hupanda, tumbo huuma zaidi, hutapika zaidi, na kila mtu nyumbani husema ugonjwa wa tumbo umekataa dawa. Huongezwa dawa nyingine ya tumbo. Ugonjwa wa tumbo huenda uliisha jana. Kinachomuumiza sasa ni ukosefu wa insulini.

Kabla ya insulini kupatikana, mtoto aliyepatwa na aina ya kisukari inayohitaji sindano hakuwa na matumaini. Mgonjwa wa kwanza kudungwa alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Canada, mnamo Januari 1922. Tangu hapo dawa imekuwepo. Anayekufa kwa ketoni leo aghalabu hufa kwa sababu dawa haikumfikia, au ilimfikia ikawekwa kando.

Tumbo lina mengi

Mimi si mmoja wa wale wanaoona kisukari katika kila jambo. Wanaoishi kando ya ziwa wana sababu nyingi za kuumwa na tumbo, na mwenye kisukari anaweza kuzipata zote kama jirani yake. Magharibi mwa Kenya mnamo 1997 kulikuwa na mkurupuko wa kipindupindu, na wachunguzi waligundua kwamba waliougua walikuwa, zaidi ya wenzao, watu waliokunywa maji ya Ziwa Victoria, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliohudhuria karamu za matanga. Mambo hayo matatu hayajatuacha. Kuna kuhara damu, kuna amiba kwelikweli, kuna vidonda vya tumbo, kuna malaria inayoanza kwa kutapika. Juu ya hayo, mtu aliyekaa na kisukari kwa miaka mingi anaweza kuwa na tumbo lililolegea, lisilosukuma chakula mbele, kwa sababu mishipa ya fahamu imeharibika. Huyo hushiba upesi na hutapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita.

Neno moja kuhusu taifodi. Kipimo kile cha haraka cha damu kinachofanywa katika maabara nyingi ndogo kinaweza kuonyesha maambukizi ya zamani, au kisionyeshe ukweli wowote. Mgonjwa wa kisukari anayetapika akiambiwa ana taifodi bila kupimwa sukari, hajapimwa bado.

Ugonjwa ninaouogopa zaidi ni ule wa kongosho. Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, nacho ndicho kinachotengeneza insulini pamoja na maji ya kuyeyushia chakula. Kikivimba, maumivu huwa ya juu ya kitovu, makali mno, na hupenya hadi mgongoni. Mgonjwa hupata nafuu kidogo akiinama mbele na hawezi kulala chali. Pombe nyingi, vijiwe vya nyongo na mafuta mengi mno kwenye damu ndivyo visababishi vikubwa. Aliyekuwa akimudu kisukari chake kwa tembe anaweza ghafla kuhitaji insulini, na asiyekuwa na kisukari anaweza kukipata baada ya ugonjwa huo. Huyu hatibiwi nyumbani. Hakuna uji wala mizizi itakayomfaa. Apelekwe hospitali.

Na si binadamu peke yake. Msomaji mmoja wa Nairobi aliwahi kuniuliza kuhusu paka wake aliyekuwa akidungwa insulini, kisha akaanza kutapika na kujikunyata pembeni, hataki kuguswa tumbo. Mimi ni daktari wa watu, nikamwelekeza kwa daktari wa wanyama siku ile ile. Lakini habari ni ile ile: paka pia ana kongosho, pia hupata kisukari, na kongosho lake likivimba huacha kula. Insulini yake haikatwi kiholela wala haidungwi kwa kipimo cha kila siku bila kupimwa sukari. Daktari wake ndiye atakayeamua apunguze kiasi gani, atampa dawa ya kutuliza maumivu na ya kuzuia kutapika, na atahakikisha analishwa, maana paka asiyekula kwa siku chache, hasa aliyenona, ini lake huweza kujaa mafuta na akafa. Na tafadhali, usimpe paka paracetamol uliyonayo kabatini. Tembe inayokutuliza wewe kichwa inaweza kumuua yeye.

Aliyeko kwa sindano na aliyeko kwa tembe

Turudi kwa wenzetu. Kanuni ya kwanza inategemea mgonjwa anatumia dawa gani, na hapa ndipo watoto walioko mjini hukwama, kwa sababu hawajui mama yao anatumia nini. Muulize leo, akiwa mzima. Mwambie akusomee maandishi ya chupa au ampe mjukuu asome.

Anayetumia insulini asiiache. Ikiwa ni ile aina ya kisukari iliyompata utotoni au ujanani, kuiacha hata kwa siku moja ni hatari kwa maisha. Wengi wa wazee wetu hudungwa ile insulini nyeupe kama maziwa, asubuhi na jioni. Hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa inayofanya kazi upesi na inayofanya kazi polepole, kwa hiyo kipimo kamili kwa mtu asiyekula chochote, ambaye sukari yake iko chini, kinaweza kumwangusha. Hapo ndipo kliniki hupigiwa simu. Mara nyingi daktari hupunguza kiasi, lakini hafuti sindano. Na kama sukari iko juu, hata bila chakula, huenda akaambiwa adunge kipimo chake chote au aongeze. Anayeamua ni mashine ya kupima sukari, wala si sahani.

Tembe zina mambo yake. Metformini, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi, inafaa isimamishwe kwa muda mtu anapotapika sana au kuhara hadi kukauka. Figo zikikosa maji dawa hiyo hukaa mwilini na inaweza kuleta asidi ya aina nyingine. Glibenklamidi na ndugu zake hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu ale asile. Asiyekula akizimeza sukari yake inaweza kushuka vibaya sana, na kwa wazee ikabaki chini hata siku nzima. Zile tembe mpya ambazo majina yake huishia kwa "flozini" zisimamishwe mara moja, kwa sababu zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana, na familia ikadanganyika kwamba mambo ni shwari. Kadhalika dawa za presha, hasa zile za kukojoza, daktari anaweza kuagiza zipumzishwe siku hizo. Zote hurudishwa mtu anapokula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Nasisitiza hili kwa sababu nimewakuta wengine wamesimamisha mwezi wa Machi na hadi Agosti hawajarudia.

Kuhusu maumivu, paracetamol kwa kipimo chake inatosha kama mgonjwa hana ugonjwa wa ini. Diclofenac, ibuprofen na aspirini zikae mbali. Zinachubua tumbo, na kwa mtu aliyekauka zinaumiza figo. Dawa za kufunga kuhara zisitumiwe palipo na damu au homa.

Maji, chumvi na ile sukari inayoogopwa

Watu wa kisukari huogopa pakiti za chumvi na sukari za kutibu kuhara, zile ambazo kila mtu huziita ORS. "Daktari, si mlisema nisionje sukari?" Ni kweli tulisema. Lakini sukari iliyo ndani ya lita moja ya ORS ni gramu 13.5 tu, na haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Utumbo hunyonya chumvi vizuri inapoandamana na sukari, na chumvi ikiingia huvuta maji nyuma yake. Bila sukari hiyo maji hupita tu na kutoka. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo mwenye kisukari anayehara anywe ORS bila woga, huku akipimwa sukari. Kama pakiti hazipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Wenye ugonjwa wa moyo au figo waulize kwanza kiasi gani wanywe.

Namna ya kunywesha pia ni muhimu. Anayetapika akipewa kikombe kizima atakirudisha. Mpe kijiko au funda moja dogo kila baada ya dakika tano, hata kama yeye mwenyewe amechoka nalo. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kuketi naye, na sijaona dawa inayoweza kuchukua nafasi ya binti au mkwe anayekaa na kikombe usiku kucha.

Pima sukari kila baada ya saa mbili hadi nne, usiku pia. Hapa Kenya mashine nyingi husoma kwa milimoli, ndiyo maana watu husema "sukari yangu ni saba" au "ni kumi na mbili". Ikiwa iko juu ya 14 au 15, anywe maji, chai isiyo na sukari na supu ya samaki yenye chumvi kidogo, pamoja na ORS kama anahara. Ikiwa iko chini ya hapo na hawezi kula, apate vinywaji vyenye nguvu kidogo kidogo: uji mwepesi, maziwa, hata soda iliyoachwa ikatoka gesi. Ikishuka chini ya 4 apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini arudiwe. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Pakeni sukari au asali kidogo ndani ya shavu akiwa amelazwa kwa ubavu, huku mkitafuta gari au boti.

Mashine ikiandika HI maana yake si salamu. Wala haijaharibika. Inasema sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, ambacho kwa mashine nyingi ni kama 33. LO ni kinyume chake, imeshuka mno. Nalitaja hili kwa sababu ya yule mama wa Sena. Mwanawe alipokata simu nami alimpigia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao. Wahudumu hawa walipewa mikoba ya vifaa na serikali mnamo 2023, na ndani yake mna mashine ya kupima sukari. Alifika na taa ya mkononi, akamtoboa mama kidole. Mashine ikaandika HI. Kijana wa nyumbani akasema kifaa hiki kimekufa, jaribu kingine. Bahati nzuri mhudumu alijua kusoma herufi hizo mbili.

Boti haingoji

Mtu wa mjini akiambiwa "mpeleke hospitali" huita teksi. Mfangano ni kisiwa. Kutoka Sena hadi Mbita ni safari ya boti, na ziwa likichafuka hakuna nahodha mwenye akili atakayeondoka. Kwa hiyo alama za hatari ambazo mtu wa Kisumu anaweza kuzitazama kwa saa chache, mtu wa kisiwani inampasa azitendee kazi mapema. Nami huwaambia hivi: ukijiuliza kama ni wakati wa kutafuta boti, wakati umeshafika.

Atafutiwe boti akitapika kila anachokunywa kwa muda wa saa nne hadi sita. Sukari ikisoma zaidi ya 15 mara mbili mfululizo ingawa amedungwa. Akipumua kwa kina na haraka. Akianza kusinzia au kuongea visivyoeleweka. Maumivu yakiwa makali na hayaachi. Akiona damu katika matapishi au choo. Au asipokojoa tangu asubuhi. Mama mja mzito mwenye kisukari anayetapika asingojee hata moja ya hayo. Na mtoto aliyekonda ghafla, anayekunywa maji mno na kukojoa kitandani ilhali aliacha zamani, akianza kulalamika tumbo na kutapika, apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama hakuna mwenye kisukari katika ukoo. Wengi wa hao hutibiwa malaria kwanza.

Katika safari abebe insulini yake, daftari la kliniki, sukari kwenye karatasi, na chupa ya ORS ya kunywa njiani. Watu hubeba blanketi na sufuria wakasahau dawa.

Tusisahau pia kwamba insulini iliyopikwa na jua haifanyi kazi, na mgonjwa anaweza kujidunga kila siku asijue anadunga maji. Nyumba nyingi za kisiwani hazina friji. Hilo lisiwe sababu ya kuacha dawa. Katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, shirika la madaktari wasio na mipaka, MSF, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wagonjwa, kisha wakaichunguza insulini katika maabara. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyokaa katika joto la kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Joto la Mfangano kivulini halizidi la Dadaab. Mtungi wa udongo, ule Wajaluo wanaouita dapi, wenye maji kidogo chini na kikombe cha dawa kilichofunikwa kisiingie maji, ni mahali pazuri. Mahali pabaya ni dirishani, juu ya kabati chini ya bati, na sakafuni mwa boti penye jua.

Jambo jingine ninaloliona likirudiwa ni chupa ya maji ya sukari. Mzee amelegea, anapelekwa kwenye duka la dawa lililo karibu, na anayehudumu hapo, akiona udhaifu, anamtundikia chupa ya glukosi "ili apate nguvu". Kwa mgonjwa ambaye sukari yake imepita 30 hayo ni mafuta ya taa juu ya moto. Hospitalini hutumika maji ya chumvi kwanza, kwa wingi, kisha insulini pole pole kwa mshipa, na madini ya potasiamu kwa uangalifu kwa sababu insulini huyatoa kwenye damu na yakipungua moyo huweza kusimama. Ndiyo maana haifai mtu kuona HI nyumbani akajidunga sindano tatu kwa pamoja ili kufidia alizoacha. Kabla ya chupa yoyote kutundikwa, uliza: mmepima sukari? Ni haki yako kuuliza, na muuguzi mzuri hatakasirika.

Yule mama alipewa sindano yake ya jioni usiku ule ule, kwa kipimo tulichokubaliana kwa simu, na mkwe wake akakaa na kijiko cha ORS. Hapakuwa na boti usiku ule. Upepo ulikuwa mbaya. Kituo cha afya cha Sena kilimwekea maji ya mshipa kabla ya mapambazuko, na asubuhi boti ya wavuvi wa omena ikamvusha hadi Mbita, kutoka hapo gari hadi Homa Bay. Mkojo wake ulikuwa na ketoni nyingi. Kilichoanzisha yote, alivyosimulia mwenyewe, ni kuhara kwa siku moja baada ya chakula cha matanga, na kuhara huko kulikuwa kumekwisha kabla hata mwanawe hajanipigia.

Nilimwona siku ya tano, ameketi kitandani, anakula uji na kulalamika kwamba hauna sukari.

"Daktari mwanangu," akaniambia, "mimi nilidhani ninajihurumia. Ningejidunga dawa ya chakula na chakula chenyewe kiko wapi?"

Tuliketi na mkwe wake tukaandika karatasi moja kwa Kijaluo, kwa herufi kubwa: afanye nini siku asipoweza kula, apime mara ngapi, ni tembe ipi isimamishwe, kipimo gani cha sindano kwa sukari gani, na namba ya kliniki. Ilibandikwa ukutani juu ya mtungi wa maji. Mama aliitazama, akasema imekosa kitu kimoja. Akachukua kalamu, akaandika chini yake namba ya mwenye boti.